Kambi ya Wanariadha: Mwili Hujengwa Wakati wa Kupumzika



Mwezi huu tunazungumza na familia zenye vijana wanaokimbia. Tunajua ni nyingi. Katika parokia zetu hakuna mzazi asiyemfahamu mtoto wa jirani aliyeshinda mbio ng'ambo, akarudi akawajengea wazazi nyumba. Kwa hiyo mtoto wetu akionyesha mbio nzuri shuleni, tunafurahi, tunamfungia mfuko wa nguo na kumpeleka kambini. Hilo si baya. Lakini tukimpeleka bila kujua kambi inaufanyia nini mwili wake, tunaweza kumpoteza mkimbiaji, na pengine afya ya mtoto pia.

Mama na binti yake

Siku moja wakati wa likizo alifika kwetu mama mmoja na binti yake wa miaka 17. Binti alikuwa akichechemea. Mama akasema, "Sista, mchome sindano ya maumivu tu. Jumamosi ana mashindano, na kuna watu watakaokuja kumwangalia."

Tulimwomba binti aketi. Tulipopapasa mfupa wa muundi tulikuta mahali pamoja, padogo kama sarafu, ambapo hakuweza kuvumilia kuguswa. Alisema usiku pia panamuuma. Ndipo tukamwuliza habari za hedhi. Alimtazama mama yake kwanza, kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Miezi minane sijaona." Tulipima mimba kama inavyotakiwa, na haikuwapo. Binti akaongeza, "Kambini tuliambiwa ni dalili kwamba mazoezi yameingia mwilini. Wenzangu pia wako hivyo."

Mama alishangaa sana. Hakuwa amejua lolote. Alijua muda ambao binti yake anakimbia mita 5,000, lakini hakujua kwamba anakula mara mbili tu kwa siku.

Tunakiri kwamba miaka ya nyuma hata sisi tungempa sindano ile na kumwacha aende zake. Tulikuwa tunaona mguu, hatuoni msichana. Tumejifunza polepole, na ndiyo maana tunaandika.

Iten ni mahali gani?

Ili tuelewe kambi, tuanze na mahali panapojulikana kuliko pengine pote. Mji wa Iten uko katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ukingoni kabisa mwa Bonde la Kerio, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni mji mdogo wenye barabara za udongo mwekundu. Hata hivyo mabingwa wa dunia kutoka nchi nyingi wamekuja kufanya mazoezi hapo, akiwemo Mo Farah wa Uingereza.

Jina la Iten lilianza kuvuma kwa sababu ya shule. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell wa shirika la Patrician alifika kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake. Shule hiyo ilimtoa Ibrahim Hussein, aliyeshinda marathoni ya Boston mwaka 1988, na Peter Rono, aliyepata dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 huko Seoul mwaka huohuo. Baadaye, karibu na mwaka 2000, bingwa Lornah Kiplagat alijenga hapohapo Iten kituo cha mazoezi ya nyanda za juu, akiwafikiria hasa wasichana waliokosa mahali pazuri pa kufanyia mazoezi. Siku hizi kambi zimejaa Iten, Kaptagat, Kapsabet na kwingineko. Nyingine zina daktari na mpishi. Nyingine ni nyumba ya kupanga tu yenye magodoro sakafuni.

Hewa nyepesi na kiwanda cha damu

Kwa nini watu wapande mlimani kukimbia? Sababu iko katika damu. Kadiri tunavyopanda juu, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Pale Iten kila pumzi ina oksijeni kama robo tatu tu ya ile anayoipata mtu wa Mombasa. Figo hutambua upungufu huo, nazo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo kwa kifupi huitwa EPO. Homoni hiyo huuamuru uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kuipeleka kwenye misuli. Mtu mwenye chembe nyingi za kutosha akishuka kukimbia mahali pa chini, misuli yake hupata hewa vizuri.

Lakini tuzingatie mambo matatu.

Kwanza, kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kijana anayetoka Mombasa au Kisumu asikimbizwe kwa nguvu siku ya kwanza. Wiki nzima ya mwanzo aende taratibu, anywe maji ya kutosha, alale mapema.

Pili, kiwanda hakitengenezi kitu bila malighafi. Chembe nyekundu hutengenezwa kwa madini ya chuma. Kijana mwenye upungufu wa damu akipelekwa mlimani, mwili wake huamriwa kujenga nyumba bila mawe. Atachoka, atahema, moyo utamwenda mbio, na kocha atasema ni mvivu. Kumbe anahitaji kupimwa.

Tatu, mwenye ugonjwa wa selimundu asipelekwe kambi za juu bila idhini ya daktari. Hata yule ambaye si mgonjwa, lakini amerithi selimundu kwa mzazi mmoja, amweleze kocha na daktari kabla ya kuanza mazoezi makali.

Mazoezi yana sehemu tatu

Wengi wetu tunafikiri mazoezi ni kukimbia tu. Kukimbia ni sehemu ya kwanza, nayo peke yake haijengi mwili. Kwa kweli inauchosha na kuuchanachana kidogo kidogo. Misuli hupata majeraha madogo, mfupa hupata nyufa ndogo zisizoonekana, na akiba ya nguvu huisha. Sehemu ya pili ni chakula, na ya tatu ni usingizi. Katika hizo mbili ndipo mwili unapojirekebisha na kuwa imara kuliko ulivyokuwa.

Ukiwatazama wanariadha wakomavu wa Iten utaona wanalijua jambo hili. Saa kumi na mbili asubuhi wako barabarani. Wengine hutoka tena saa nne, na jioni hukimbia polepole sana, hata mtoto wa shule anaweza kuwafuata. Katikati ya hapo hufanya nini? Hula, hunywa chai, hukaa kwenye jua, hulala. Mgeni hudhani ni uvivu, kumbe hiyo ni nusu ya kazi yao.

Tumtazame David Rudisha, aliyelelewa katika riadha na Bruda Colm tangu ujana wake. Mwaka 2006 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2008 aliikosa Olimpiki ya Beijing kwa sababu ya majeraha. Je, wakati ule hakukuwa na watu waliosikitika? Bila shaka walikuwapo. Lakini alitibiwa, akapumzika, akarudi. Mwaka 2010 alivunja rekodi ya dunia ya mita 800, na tarehe 9 Agosti 2012 mjini London alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa rekodi mpya ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Mashindano makubwa aliyoyakosa hayakuwa mwisho wake.

Kijana wa sekondari anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi kila usiku. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, naye amekesha hadi saa sita usiku akitazama simu, anabomoa bila kujenga.

Chakula cha mkimbiaji

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji hodari wa Kenya ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya nguvu zao ilitoka katika vyakula vya wanga, hasa ugali, pamoja na wali, viazi, mkate na sukari ya chai. Kwa hiyo mzazi asidanganyike kwamba lazima anunue unga wa bei ghali wa kwenye kopo. Chakula chetu kinatosha, mradi kiwe kingi na kichanganywe vizuri:

1. Ugali, viazi, ndizi, wali au mihogo kwa nguvu, katika kila mlo.

2. Maharagwe, ndengu, maziwa, mayai, omena au nyama kwa kujenga mwili. Maziwa na mursik huupa mfupa madini yake.

3. Mboga za majani kama managu, terere, saga na sukuma wiki kila siku. Nyama nyekundu, hata kidogo, husaidia sana upande wa damu.

4. Tunda, hasa chungwa, pera au papai, pamoja na chakula. Vitamini C iliyomo husaidia tumbo kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga.

5. Chai tunaipenda sote, lakini isinywewe pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Iachwe saa moja kabla au saa moja baada ya kula.

Tusisahau minyoo ya safura, inayofyonza damu kimyakimya, wala malaria kwa wanaoishi mabondeni. Na vidonge vya kuongeza damu visinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Madini ya chuma yakizidi ni sumu. Kijana apimwe damu kwanza. Anayeishi nyanda za juu amweleze mpimaji, maana huko kiwango kinachotakiwa huwa kikubwa kidogo kuliko cha pwani.

Hedhi inapokatika

Sasa tunarudi kwa binti yetu. Wazazi wengi, hasa akina baba, huona haya kuzungumza habari hii. Tunawaomba msione haya, maana ni jambo la afya kama homa.

Mwili wa msichana ni kama mama mwenye busara anayepanga matumizi ya nyumba. Fedha zikipungua, hulipia kwanza chakula na kuni, na kuahirisha mengine. Msichana akikimbia sana na kula kidogo, mwili huona nguvu hazitoshi, ndipo unaahirisha hedhi. Hiyo si dalili ya nguvu. Ni dalili ya njaa, hata kama tumbo halilii.

Pamoja na hedhi hupungua pia homoni inayolinda mifupa. Sehemu kubwa ya mfupa wa binadamu hujengwa kabla ya miaka 20. Msichana anayepoteza miaka hiyo huenda asiifidie yote baadaye. Mfupa hudhoofika, ufa mdogo wa mazoezi haupati nafasi ya kupona, siku moja unakuwa ufa mkubwa. Hayo ndiyo yaliyompata binti yule. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa mafundisho mapana kuhusu upungufu huu wa nguvu, wakaeleza kwamba wavulana pia hupatwa nao, ingawa wao hawana hedhi ya kuwaonya. Kwao tuangalie kukonda, uchovu usioisha, homa za mara kwa mara na mifupa kuuma.

Basi tushike kanuni hizi: msichana aliyefikisha miaka 15 bila kuona hedhi, au aliyekuwa akiipata kisha ikakatika kwa miezi mitatu, aletwe hospitali. Asigombezwe wala kushukiwa kabla hajasikilizwa.

Sindano ya maumivu

Maumivu ni mlinzi wa lango. Ukimnyamazisha mlinzi, mwizi hajaondoka. Maumivu ya misuli mizima huja baada ya mazoezi na kuisha kwa siku mbili tatu. Lakini maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kila siku na kuuma hata usiku, ni ya kuhofiwa. Picha ya eksirei ya wiki za kwanza mara nyingi haionyeshi ufa, kwa hiyo tusiseme "picha ni safi, kimbia." Dawa za maumivu zikitumiwa mara kwa mara, hasa na mtu aliyepungukiwa maji, huumiza tumbo na figo. Na mwenye ufa akikimbia juu ya sindano, mfupa waweza kukatika kabisa.

Njia ya mkato

Tulisema EPO ni homoni yetu wenyewe. Wako watu wanaoiuza katika sindano ili damu iongezeke haraka. Hatari yake ni hii: damu huwa nzito kupita kiasi, moyo husukuma kwa shida, damu huganda, na kijana mwenye afya huweza kupatwa na kiharusi au kufa ghafla. Tena sindano zenyewe mara nyingi hutolewa chumbani, na mtu asiyejulikana alikosomea.

Kenya imepata aibu kubwa kwa sababu hii. Wanariadha wetu wengi wamefungiwa, na mwaka 2016 ilitungwa sheria ya kupambana na dawa hizi. Mwaka 2022 nchi nzima iliponea chupuchupu kufungiwa. Mzazi amfundishe mtoto jambo moja: asichomwe sindano wala kumeza kidonge bila kujua jina lake, kinatibu nini, na aliyekitoa ni nani. Akija hospitali aseme wazi, "Mimi ni mwanariadha," ili tumchagulie dawa inayoruhusiwa.

Mzazi aulize nini kambini?

Kabla ya kumwacha mtoto, tembelea kambi mwenyewe. Usione haya kuuliza:

1. Watoto wanakula mara ngapi kwa siku, na nani anapika?

2. Wana siku ya kupumzika kila wiki? Masomo yao je?

3. Akiumia, anapelekwa wapi, na nani anaamua kwamba amepona?

4. Wasichana wanalala wapi, na ni mwanamke gani mtu mzima anayekaa nao?

5. Fedha za ushindi na pasipoti zinawekwa na nani?

Maswali mawili ya mwisho si ya udaku. Agnes Tirop, aliyeweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee mwezi Septemba 2021, aliuawa kwa kudungwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25. Tangu hapo wenzake wamesema wazi jinsi wasichana wenye kipaji wanavyoweza kunaswa na watu wanaotaka kutawala maisha na mapato yao. Binti awe na mtu wa nyumbani anayeweza kumpigia simu saa yoyote na kuambiwa, "Rudi nyumbani," bila kuulizwa habari za mbio.

Mlete mtoto hospitali ukiona haya

- Hedhi imekatika miezi mitatu au zaidi.
- Anaumwa mahali pamoja juu ya mfupa, au anachechemea.
- Anakonda, anakwepa chakula, au anakula kwa kujificha.
- Amechoka hata baada ya kupumzika, macho na viganja vimepauka.
- Anahema sana, anaumwa kifua au amezimia wakati wa kukimbia. Huyu aletwe siku hiyohiyo, asisubiri.

Mwisho wa habari ya binti yetu

Mama yule alikasirika kidogo tulipomnyima binti sindano. Alituambia, "Sista, hamjui tumeuza mbuzi wangapi ili huyu afike hapa." Tulimjibu, "Mama, tunajua. Ndiyo maana hatutaki mguu huu ukatike Jumamosi." Alinyamaza kwa muda, kisha akamwuliza binti yake, "Kwa nini hukuniambia?" Binti akajibu, "Ulikuwa unauliza muda wangu tu."

Mashindano yale yalipita bila yeye, na watu waliotazamiwa hawakumwona. Alikaa nyumbani wiki kumi, akila milo mitatu pamoja na maziwa ya jioni, akitembea kwa mkongojo kwanza, kisha bila mkongojo. Mwezi wa tano hedhi ilirudi. Sasa anakimbia tena, taratibu, akiwa bado shuleni. Hajashinda mbio kubwa, wala hatujui kama atashinda. Lakini mama yake anapompigia simu, swali la kwanza ni, "Umekula? Umelala?" Muda wa mbio huulizwa mwisho.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika jumuiya

1. Ni vijana wangapi wa jumuiya yetu wako kambini sasa, na nani amewatembelea mwaka huu?

2. Nyumbani kwetu binti anaweza kumwambia nani habari za hedhi yake?

3. Tunaweza kufanya nini ili mtoto aliyeumia asijione ameiangusha familia?